Korongo la Mwanga tulivyolikata makali

Sitaki kusikia tena mtu akisema "jengeni ukuta." Mtaa wetu uko Mwanga, Kigoma, kwenye mteremko, na korongo lililokuwa linakula barabara tumelituliza bila ukuta. Nimefanya kazi ya njia ya reli mpaka nikastaafu, nikiwa gengi, yaani kwenye kikosi cha kutunza reli, kwa hiyo mimi na maji tunafahamiana. Tuta likimeguka, treni unaisingizia tu. Nenda katafute maji yamepita wapi. Nikiyasema hayo kwenye mkutano wa mtaa najibiwa, "Mzee, hapa siyo reli." Haya.

Ukuta wenyewe tulishaujaribu: ulijengwa kiangazi kwa michango yetu. Aliyeushauri ni mjumbe mmoja mwenye sauti kubwa, aliyewahi kusimamia ujenzi wa nyumba za wapangaji. Zege tupu, umekingama korongo kuanzia ukingo hadi ukingo, juu umenyooka, hauna hata tundu. Ulisimama pale kama bwana harusi, watu wakaenda kupiga picha. Novemba mvua ikashuka. Maji yakafika ukutani, yakatulia, vijana wakashangilia, mjumbe akanigeukia: "Sasa unasemaje, mzee?" Nikanyamaza. Maji yakaendelea kupanda. Kwa kuwa ukuta uliishia pale pale ukingoni, haukuzamishwa kwenye udongo, yakaanza kulamba pembeni, upande wa kushoto. Udongo wetu mwekundu huu ukishalowa hauna ubishi. Asubuhi tulikuta ukuta mzima, hauna ufa, umesimama peke yake katikati, na korongo limeuzunguka na kusogelea choo cha mjumbe. Nilikwenda kumpa pole. Jioni nikarudi kumpa tena.

Baada ya hapo ndipo nikapewa nafasi ya kuzungumza. Nikawaambia korongo hupanda mlima: maji yanapodondokea shimoni yanachimba chini ya ukingo, ukingo unaanguka, shimo linasogea juu hatua kadhaa, na mvua ijayo mchezo ni ule ule. Kwa hiyo dawa ianze juu, kwa wenye nyumba. Wenye nyumba za juu wakacheka. Wao hawana korongo, watoe mchango wa nini?

Hapo ndipo nilipotumia pipa. Nilichukua pipa la lita 200, nikaliweka chini ya mchirizi wa bati la jirani wa juu kabisa, na yeye mwenyewe nikamkaribisha barazani tungoje mvua tukinywa chai. Mvua ilipokolea, pipa lilijaa chai haijachemka. Nikaliacha lifurike mbele ya macho yake. Nikachukua kijiti nikamchorea chini: nyumba ya mita 10 kwa 8 ina paa la mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 25, ambayo kwetu Kigoma si ajabu kuipata alasiri moja, inamwaga lita 2,000 kutoka paa hilo moja. Mapipa 10. "Sasa hesabu mapaa kuanzia hapa hadi barabarani." Hakuhesabu, lakini wiki hiyo hiyo alifunga gata na kuweka tenki, na tangu hapo yeye ndiye anayewafokea wengine. Wasio na uwezo wa tenki walichimba shimo wakajaza mawe, mbali na msingi wa nyumba na mbali na ukingo wa korongo. Hilo la pili usilipuuze, maana ukilowesha ukingo unajiangushia mwenyewe.

Juu ya korongo tukachimba mitaro ya kukingama mteremko, kazi ya msaragambo. Usawa tulipima kwa mpira mweupe uliojazwa maji, macho yanadanganya sana kilimani. Ndani ya korongo tukapanga vizuizi vya mawe makavu, bila simenti, vya kimo cha goti hivi. Mkorofi mmoja akauliza kama simenti imetuishia. Maji yapenye, bwana, mchanga ndio ubaki! Katikati pawe chini kuliko pembeni ili maji yapite hapo, mawe yaingie ndani ya kingo zote mbili, na upande wa chini wa kila kizuizi utandike mawe ya kupokea maporomoko. Umbali wake: kitako cha kizuizi cha juu kiwe usawa mmoja na kilele cha kinachofuata chini. Kingoni tulipanda majani ya tembo, na hapo nina ugomvi na wenye mbuzi mpaka leo.

Barabara hatukuigusa wenyewe. Iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na ukichimba barabara usiku kwa jembe lako utajieleza. Tuliandika barua kupitia mtendaji wa kata, tukaambatanisha picha, na mchoro nilioupiga mimi kwenye karatasi ya daftari. Ombi letu lilikuwa kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, la kipenyo cha milimita 900 badala ya 600. Watu huona tofauti ndogo, kumbe mdomo wake ni mkubwa zaidi ya mara mbili. Tukaomba pia mawe ya kupokea maji upande wa kutokea, kwa sababu kalavati likimwaga maji hewani linazaa korongo jingine. Lilichukua muda, lakini liliwekwa. Adui wake sasa ni pampasi. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, pampasi hazijaguswa, na chache tu zinatosha kuliziba na kuipeleka mvua yote juu ya lami. Kila kabla ya mvua za kwanza tunalizibua, na anayekosa analipa.

Gharama siwezi kuitaja kwa uhakika. Mawe mengi tuliokota, lori tulilipia mafuta tu, ila mpira wa kupimia ulinunuliwa, na nikiutaja naambiwa ulikuwa ghali. Vizuizi vimeshajaa mchanga mzuri, msafi, na vijana wa matofali wakaanza kuuchota usiku. Wakiuchota, kitako cha kizuizi cha juu kinabaki hewani. Tumewaachia wachote nyuma ya kizuizi cha mwisho kule chini peke yake, na mlinzi tuliyemweka ni yule mjumbe wa ukuta. Choo chake kiko jirani.