Basi limekufa Kiranjeranje, tukabaki na Kiingereza

Ngoja kwanza hili la basi nilitoe rohoni. Tumekatishwa tiketi ya luxury, mimi nashuka Lindi lakini nauli nalipa ya Mtwara hivohivo, ukiuliza unaambiwa ndo utaratibu. AC inapuliza joto, madirisha hayafunguki, kiti changu hakilali, na maji ya mia tano humo ndani wanauza buku. Tunafika Ikwiriri shati limeshaloa. Mpaka Nangurukuru sina cha kusimulia zaidi ya jasho.

Nangurukuru ndo akapanda dada mmoja akakaa siti ya pembeni yangu. Mkononi nlikuwa na karatasi zangu za maswali ya Kiingereza, maana mwezi ujao nna mtihani wa IELTS, na ile sehemu ya kuongea unakaa na mtu ana kwa ana dakika 11 mpaka 14, anakuuliza kwenu wapi, maisha ya mjini yakoje, unapenda kusafiri, halafu anakupa kadi, unajiandaa dakika 1 kisha unaongea mwenyewe mpaka dakika 2 ziishe. Dada akachungulia, akaniuliza, kaka unaenda nje? Nikamwambia kuna kazi naomba. Akasema yeye anatembeza wageni Kilwa Kisiwani, Kiingereza ndo jembe lake, kama nataka tupige stori kwa Kiingereza basi tuanze.

Hata hatujaanza vizuri, kufika karibu na Kiranjeranje gari likagonga huko chini, likasota, likasimama. Dereva na konda wakaingia uvunguni, sisi tukashuka tukajibanza chini ya mkorosho na jua la mchana, hakuna hata mtu wa kutuambia samahani abiria, wala kusema gari lingine linakuja au haliji. Bas, tukaendelea na maswali.

Akaniuliza kwetu kukoje. Nikajibu Lindi ni mji mdogo, umetulia, watu wakarimu, kuna bahari nzuri. Akanikata palepale, kaka, hiyo ni Pangani, hiyo ni Bagamoyo, hiyo ni Mafia. Nipe kitu ambacho mtu wa Pangani hawezi kusema. Na hakungoja nijibu, akaniuliza mjusi wa Tendaguru umemsahau? Yaani yule dinosaria ambaye mifupa yake imeungwa ikasimamishwa Berlin kwenye jumba la makumbusho, mita 13 kwenda juu, ametoka kwetu. Wajerumani wamechimba pale kuanzia 1909 mpaka 1913, mifupa ikabebwa na wapagazi, watu wa huku, kwa vichwa na mabega mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200! Mimi nimesoma Lindi tangu darasa la kwanza na Tendaguru nimeisikia kama jina la kwenye somo tu, hakuna siku tumekaa tukawazungumza wale wabebaji, na kwakweli inaniuma kuliko hata hiyo mifupa kuwa Berlin.

Akageukia maisha ya mjini. Nikamwambia foleni ya Mbagala, kodi ya miezi sita, kelele. Akasema sawa, ila usimwambie mzungu kwamba mji ni kitu tumekutana nacho Dar. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, amefika Kilwa 1331 akakuta mji, tena akausifia uzuri. Walikuwa na majengo ya mawe ya matumbawe, msikiti mkubwa, sarafu zao wenyewe, na pale Husuni Kubwa, jumba la sultani, bwawa la kuogea lina pembe nane. Anavoeleza anachora ile pembe nane mchangani kwa kijiti huku Kiingereza kinamtoka bila kutafuta, nikatamani nimrekodi ila simu ilishazima, chaji ya kwenye basi nayo ni pambo.

Nyuma yetu kulikuwa na mama amekaa kwenye begi lake, Kiingereza haelewi ila anasikia Lindi, Kilwa, Tendaguru. Akashindwa kuvumilia. Wanangu mnaisema nini Lindi? Tukamweleza, nikamwambia mama sa hivi tuko kwenye swali la safari. Akacheka akasema safari mnaijua nyie! Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 Rufiji tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika mnalala hapohapo, mnapika hapohapo, yeye amelala Ndundu na mtoto mgongoni maji yakiwa yamejaa, wala hakuna wa kumlalamikia. Huku anaongea akafungua mfuko wa nailoni akatoa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu, myembamba kama kidole, akawa anamenya lile ganda kwa kucha, chumvi imeganda juu, anatugawia. Mbona hamjaitaja hii, akauliza. Na mnasema Lindi kumetulia, mmepita msimu wa korosho nyie? Minada imeanza, pikipiki mpya kila kona, watu wanadaiana mpaka usiku.

Nikayarudia yote kwa Kiingereza, mama anasikiliza kama ananielewa, dada ananirekebisha pale sentensi inapokwama. Kwa jinsi nlivoona, pale mkoroshoni nimepata kuliko kozi niliyolipia Dar.

Gari likawaka jua linazama. Lindi nimeshuka usiku, bodaboda anataka elfu tano mpaka Mtanda, tukabishana mpaka elfu tatu. Dada na mama wakaendelea Mtwara.

Sasa nimepanga dakika zangu 2. Wapagazi wa Tendaguru wanakaa mwanzo, yule mama wa Ndundu katikati, halafu minada ya korosho na ming'oko. Wa kusini wenzangu niambieni nipunguze nini, maana Mikindani na Newala bado sijazigusa kabisa na muda hautoshi.