Siku moja maishani mwangu: amplifaya ya besi inayovuma

Saa 2 asubuhi

Amplifaya inashushwa kwenye bajaji, mzee mwenyewe kashika mpini kwa mikono miwili. "Shikamoo mzee." "Marahaba fundi. Nisaidie, Jumamosi tuna harusi." Anapiga besi kwenye bendi ya dansi huku kwetu Temeke. Mashine ni ya Marekani, ya miaka ya 1980: wati 100, transista tupu, spika ya inchi 15 ndani ya boksi hilohilo.

Kabla ya kushika bisibisi nauliza maswali, maana mwenye chombo ndiye anayekijua kuliko mita yangu. Inavuma hata gitaa halijachomekwa? Sauti inakata ghafla au inazama? Inaanza ikiwa baridi au ikishapata joto? Mzee anajibu bila kubabaika: inavuma muda wote, hata voliumu ikiwa sifuri, na wakifika wimbo wa nne, wa tano, sauti inazama, ila akiigonga ubavuni inarudi.

Hapo nina mabovu mawili tayari. Mvumo usiojali voliumu hauwezi kutoka kwenye saketi zilizo kabla ya voliumu, kwa hiyo unatoka kwenye usambazaji wa umeme wa ndani au kwenye hatua ya mwisho. Na kinachorudi kwa kugongwa ni kiungio kilicholegea mahali fulani.

Saa 3

Nafungua plagi kwanza. Waya wa erthi umekatwa na kukunjiwa ndani. Naomba wanamuziki wanisikilize hapa. Kukata erthi ili mvumo upungue ni jambo linalofanyika sana, na linaua. Chuma cha amplifaya kimeungana na nyuzi za gitaa kupitia kebo. Siku waya wa moto ukigusa chuma hicho na erthi haipo, fyuzi haitakatika. Nyuzi zitakaa na moto zikisubiri. Mpigaji akisogeza mdomo kwenye maikrofoni iliyounganishwa na mixa yenye erthi, umeme unapita kifuani mwake. Narudisha waya kabla ya kitu kingine chochote.

Fyuzi nayo ni ya ampea 10, wakati nyuma ya mashine pameandikwa 2. Aliyeiweka alichoka kubadilisha fyuzi. Natoa, naweka ya 2.

Saa 4

Nawasha kupitia balbu: balbu ya waya ya wati 100, si LED, imeungwa mfululizo na amplifaya. Kungekuwa na shoti, balbu ingewaka kwa nguvu zote na transista zingesalimika. Inamulika kidogo, inafifia. Safi. Naondoa balbu, naweka oskiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye skrini, kwenye waya za umeme wa ndani: volti 46 upande chanya na 46 upande hasi, lakini upande chanya una mawimbi ya karibu volti nzima, ya hezi 100, yaani mara 100 kwa sekunde.

Hiyo 100 inanitosha. Umeme wetu ni wa hezi 50. Daiodi nne zikishaukunja unakuwa 100. Mvumo wa 50 ningeutafuta kwenye kebo na erthi. Wa 100 unanipeleka moja kwa moja kwenye kapasita kubwa za kuchuja, zile zinazotunza umeme na kulainisha mawimbi hayo.

Nazima, nachomoa, namwaga moto wa kapasita kupitia rezista, si kwa bisibisi, maana cheche ile huharibu kapasita na macho. Nazitoa na kuzipima. Zimeandikwa maikrofaradi 4,700 kila moja. Moja inasoma 3,900. Nyingine 1,000 na ushee, na kichwa chake kimevimba. Maji ya ndani hukauka kwa miaka na joto, hata chombo kikiwa kimekaa stoo.

Saa 5

Namtuma dogo Kariakoo na mita mkononi. Maelekezo: 4,700, volti 63 au zaidi, nyuzi joto 105, na apime dukani kabla ya kulipa. Kapasita feki zipo kibao. Ganda kubwa, ndani kitu kidogo. Ikiwa nyepesi kuliko ya zamani, aache.

Mimi nabaki na kosa la pili, nikitumia umeme wa kuazima wa benchi ili mvumo usinisumbue. Nacheza mlio kutoka kwenye simu kupitia tundu la gitaa, naufuata kwa oskiloskopu hatua kwa hatua. Unapita hatua ya kwanza, unapita besi na trebo, unafika kwenye tundu la kutolea efekti, yaani la kupeleka sauti kwenye vifaa vya nje vya kuibadilisha. Baada ya hapo ni dhaifu. Nachukua kebo fupi, naunganisha tundu la kutolea na la kurudishia: sauti inajaa karakana.

Wengi hawajui kwamba usipochomeka efekti, sauti yako yote inapita kwenye kijibati kidogo ndani ya tundu la kurudishia. Hapa pwani, unyevu na chumvi vinakitia kutu. Nabadilisha tundu zima, maana kusafisha kutampa miezi michache tu.

Saa 6 mchana

Fundi mwenye haraka angefunga hapa. Lakini mzee alisema wimbo wa nne, wa tano, na kutu haisubiri joto. Naenda jirani. "Dada, niazime draya." Dada wa saluni ananipa: "Kaka, uirudishe kabla ya saa nane, nina wateja." Napuliza hewa ya moto juu ya bodi, na kijiti cha mwanzi mkononi, nikigusa sehemu moja moja.

Kuna rezista mbili kubwa nyeupe zinazoshusha volti 46 kuwa 15 kwa ajili ya saketi ndogo za mbele. Kazi yote ya kushusha inageuka joto, na bodi chini yake imekuwa kahawia. Nagusa ya kushoto, sauti inazama. Naachia, inarudi. Kwa lenzi naiona: duara jembamba la ufa limezunguka mguu wa rezista katikati ya lehemu. Ikipoa inagusana, ikipata moto inaachana. Nanyonya lehemu yote ya zamani, nakwangua miguu, naweka rezista mpya nimeziinua kidogo juu ya bodi ili hewa ipite chini.

Saa 8

Draya imerudi, wali maharage umelika, dogo amefika. Alikataa kapasita za duka la kwanza kwa sababu zilisoma 2,200. Nampongeza mbele ya wateja. Anazilehemu mwenyewe, mimi nakagua chanya na hasi.

Saa 9

Balbu tena. Kisha bila balbu. Mawimbi yamebaki robo ya volti. Kwenye waya za spika kuna milivolti 12 tu za umeme mnyoofu (DC). Zingekuwa volti kadhaa, zingeunguza koili ya spika. Transista za mwisho nazipaka upya mafuta ya kupitisha joto, ya zamani yamekuwa unga.

Saa 10 jioni

Badala ya spika naweka mzigo wa rezista wa omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani), sawa na spika ya ndani. Uzi mnene wa besi, E, unatikisika takriban mara 41 kwa sekunde, kwa hiyo napima kwa hezi 40, si kwa elfu moja kama wafanyavyo wa redio. Inafika volti 28 kabla mawimbi hayajakatika vichwa: 28 mara 28, gawa kwa 8, ni wati 98. Naiacha ifanye kazi saa nzima kwa nguvu ndogo, ipate joto la ukumbini.

Nina upendo na mashine hizi. Bendi kama NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, zilipiga kwa vyombo vya mwajiri. Mpigaji wa leo mara nyingi hununua chake mwenyewe, na kikifa, besi ya bendi imekufa. Dansi bila besi haichezeki.

Saa 12 jioni

Mzee anachomeka gitaa, anapiga mstari mmoja wa sebene, anaurudia, halafu anapandisha voliumu bila kupiga na kuinamisha sikio. "Kimya kabisa," anasema.

Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi: fyuzi ampea 2, kapasita na tundu vimebadilishwa, erthi isikatwe. Mzee anauliza kama harusini anaweza kuongeza boksi la kuazima. "Lina omu ngapi?" "Nne." Hapana. Nne sambamba na nane ya ndani inashuka chini ya tatu, na mashine hii imeandikwa mwisho ni nne. Atafute la omu 8.