Barabara ya Kilwa ilivyokatika na mimi nina kundi la wageni Lindi

Naongoza makundi ya wageni huku Kusini. Tunaanza Mikindani, Msimbati, tunalala Lindi mjini alafu tunapanda Kilwa kuangalia magofu ya Kisiwani ndo tunarudi Dar. Mvua za huku hazigawanyiki vuli na masika, zikianza Novemba au Desemba ni hizohizo mpaka Aprili, Mei, na ardhi ikishashiba maji mvua ya usiku mmoja tu inabeba kalavati.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu nilikua Lindi na kundi la walimu wastaafu. Tunapanga mizigo simu zikaanza kulia, barabara imekatika maeneo ya Somanga, kati ya Kilwa na Dar.

Nikamwambia dereva azime gari. Wengi wakisikia njia imekatika wanasema twende tukasubirie hukohuko, ikifunguliwa tuwe wa mbele. Kwa watu uliowabeba wewe, tena watu wazima, hapana kabisa! Ukifika kwenye ile foleni choo hakuna, maji ya kunywa yanapanda bei, simu zinaisha chaji, na kurudi nyuma huwezi mana malori yameshakufungia. Lindi tuna vitanda, hospitali ipo, samaki sokoni wapo. Tukabaki.

Taarifa sikuchukua kwenye video zinazozunguka mana nyingine ni za mvua za miaka ya nyuma. Nina namba za madereva wa malori wanaopita njia ile kila siku, nikawapigia waliokwama palepale. Na swali langu sio "njia inapitika?", mana hapo kila mtu atakujibu anavyotamani. Nauliza kijiko, yaani ule mtambo wa kuchimba, kimefika? Wanamwaga mawe au bado wanaangalia maji? Gari gani umeiona kwa macho yako ikivuka? Majibu ya hayo ndo yananiambia kama ni leo au ni siku kadhaa, alafu nalinganisha na wanachosema TANROADS, wakala wa barabara wa serikali.

Jioni nikawakusanya barazani nikawawekea njia zote na bei zake mbele ya wote, hakuna aliyeambiwa pembeni. Kusubiri. Kurudi Mtwara kupanda ndege. Au kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe mpaka Iringa na Morogoro, lami ipo ila dereva ni mmoja na mvua bado inanyesha, hiyo niliwaambia wazi kwamba siikubali hata wakinilipa mara mbili. Mzee mmoja aliyekua na miadi ya hospitali Dar akaenda na ndege, wengine wakasubiri.

Usiku huohuo mama mmoja akaniita, "Mwanangu, dawa zangu za presha zimebaki za kesho tu, nilibeba za safari." Tukachukua bajaji mpaka duka la dawa na lile karatasi la vidonge mkononi ili muuzaji aone jina na miligramu, tusije tukapewa za aina nyingine. Tukazipata. Siku hizi kabla hatujaondoka Dar namuuliza kila mgeni dawa anazotumia, na namwomba abebe za wiki moja zaidi.

Siku za kusubiri watu wanachoka kuliko safarini, lazima uwape kitu. Baharini hatukugusa, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilishatoa tahadhari. Tendaguru nayo sikuwapeleka, njia ile kwa mvua ni tope tupu, ila nilikaa nao nikawaelezea jinsi Wajerumani walivyochimba mifupa ya dinosaria pale kuanzia 1909 mpaka 1913, wenyeji wakiibeba vichwani mpaka bandari ya Lindi, na kwamba mnyama yule mkubwa leo amesimama makumbusho ya Berlin. Wale walimu walibishana mpaka chakula cha usiku kikapoa, eti arudishwe au asirudishwe.

Dereva wa lori aliponiambia ameona Kosta, yale mabasi madogo ya abiria, imevuka, hatukukimbia, tuliondoka kesho yake alfajiri tanki likiwa limejaa ili pale tufike mchana kweupe. Kwenye kipande kilichojazwa mawe niliwashusha wote, gari ikapita tupu taratibu na sisi nyuma kwa miguu, mama wa presha nimemshika mkono, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapita chini yetu kwa kasi. Kuna aliyelalamika viatu vinaharibika. Sikubadili msimamo, mana kipande kile hakikua na siku mbili toka kijazwe.

Gharama za kulala zile siku tuligawana, loji ilitupunguzia, na gari kusimama sikuwatoza. Sasa hivi hilo liko kwenye makubaliano ya maandishi kabla mtu hajalipa, na kuanzia Desemba mpaka Mei simchukui mgeni mwenye ndege ya kuondoka Dar siku ileile tunayotoka Kilwa.