Nimesomea barafu nikiwa Tanga, na kilichonitoa jasho ni saa ya ukutani

Nimemaliza shahada ya uzamili ya masuala ya Aktiki, yaani eneo la barafu la ncha ya kaskazini ya dunia, kwa njia ya mtandao, kutoka chuo kimoja cha Alaska, na theluji sijaigusa hata siku moja. Wale mlionicheka pale kijiweni, salamu zenu.

Ushauri niliopewa ungejaza daftari. Shemeji alisema cheti cha mtandaoni ni karatasi ya kufungia maandazi. (Niliwauliza TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kabla sijalipa hata shilingi. Nawe uliza, achana na mashemeji.) Bosi wangu akataka kujua barafu za watu zinatuhusu nini. Huyo nilimjibu kwa Singapore: iko karibu na ikweta kuliko Tanga, na tangu 2013 ni mtazamaji katika Baraza la Aktiki, chombo cha ushirikiano cha nchi za huko kaskazini. Imefuata nini huko? Njia za meli.

Hilo ndilo lililonipeleka hata mimi. Kazi yangu ni kutoa mizigo bandarini. Machi 2021 meli ya Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez kwa siku sita, kontena la mteja wangu lilikuwa kwenye foleni nyuma yake, na mteja akawa ananipigia simu kana kwamba usukani nilikuwa nao mimi. Siku zile zile Warusi wakawa wanaipigia debe njia yao ya meli inayopita baharini, kaskazini ya Siberia. Nikaanza kusoma habari zake usiku, nikanogewa.

Kuomba nafasi hakuna maajabu. Ada nililipa muhula kwa muhula. Jumla yake ingeninyanyulia vyumba viwili Pongwe hadi kwenye linta, na mke wangu hunikumbusha kila tukipita pale.

Jambo ambalo hakuna mshauri aliyelitaja ni saa. Alaska na sisi tumepishana saa kumi na mbili kamili wakati wa baridi yao. Kipindi cha Jumanne saa kumi na moja na nusu jioni kwao, kwangu ni Jumatano saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mishale iko palepale! Niliona Mungu kanipendelea: saa moja ya ukutani inatosha nchi mbili. Januari na Februari nikawa wa kwanza kuingia darasani, mwadhini wa msikiti wetu akisikika kwenye kompyuta za watu walioko kwenye baridi ya nyuzi arobaini chini ya sifuri.

Katikati ya Machi ikafika zamu yangu ya kueleza Baraza la Aktiki: nchi nane, mashirika sita ya wenyeji yenye viti vya kudumu, na wakati huo nchi saba zilikuwa zimetoka kusitisha vikao kwa sababu ya vita vya Ukraine. Nilikuwa wa kwanza kwenye orodha. Nikapiga pasi shati jeupe, chini nikabaki na kikoi. Saa kumi na moja na nusu kamili nikaingia na tabasamu langu, nikakuta mtu yuko katikati ya maelezo ya mambo mengine kabisa. Mhadhiri akaniambia kwa upole kwamba walinisubiri, wakadhani umeme umekatika.

Kumbe Jumapili ya pili ya Machi Wamarekani husogeza saa zao mbele. Wao wanasogeza, sisi tunabaki, na kipindi kwangu kimehamia saa kumi na nusu. Nilichelewa saa nzima nikiwa nimewahi.

Novemba saa zao zinarudi. Safari hii nikajifanya mjanja, nikapiga hesabu mwenyewe, nikaipiga kinyume. Niliamka saa tisa na nusu usiku, nikakaa masaa mawili nikitazama uso wangu kwenye kioo cha kompyuta. Baada ya hapo nilinunua saa ya bei chee sokoni, nikaitundika chini ya ile ya mke wangu, na hakuna anayeigusa mpaka mwenzangu wa darasani anitumie ujumbe kwamba kwao wamebadilisha. Mwenzangu huyo yuko kijijini, pwani ya kaskazini ya Alaska, na intaneti yake ni mbovu kuliko yangu. Kwa ajili ya watu kama yeye vipindi hurekodiwa, nami nikafaidi humo humo.

Saa hizo hizo zilinilipa fidia. Kazi zikitakiwa Jumapili kabla ya saa sita usiku, kwangu ni Jumatatu kabla ya adhuhuri. Wenzangu wanaandika wakisinzia, mimi nimeshakunywa chai.

Insha ninayojivunia ni ya nyangumi. Mwaka 1977 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliwazuia wenyeji wa Alaska kuwinda nyangumi aina ya bowhead, kwa kuwa wanasayansi waliowahesabu wakiwa ukingoni mwa barafu waliona wamebaki wachache mno. Wawindaji wakasema nyangumi wengine wanapita chini ya barafu, hamwezi kuwaona. Vikatumbukizwa vinasa sauti majini, vikawasikia waliokuwa chini ya barafu, na ikaonekana wawindaji walisema kweli. Makadirio ya 2001 yalikuwa nyangumi kama 10,000. Nilipomsimulia mjomba wangu, mvuvi, hakushangaa. "Sasa samaki unamhesabu umekaa nchi kavu?"

Kitu kilichonikataa kichwani ni kwamba maji ya bahari yakiganda huisukuma chumvi nje, na barafu iliyokaa miaka huyeyushwa ikanyweka. Nilisoma mara tatu, sikuamini. Nikateka maji ya bahari pale Raskazone, nikayafunga kwenye vifuko, nikavisukuma ndani kabisa ya friza ambamo mke wangu huweka barafu za ukwaju za kuuza. Baada ya saa chache nikapasua kimoja: pembeni barafu nyeupe kama maziwa, katikati rojorojo lenye chumvi ya kukunja uso. Nikaiweka ile nyeupe juu ya chujio la chai ichuruzike, nikailamba. Ilibaki na chumvi kama ya mchuzi tu. Vitabu vilisema kweli!

Nilikuwa nimefunga vifuko vinne. Nikitafuta cha nne, nikasikia mtoto wa jirani analia barazani. Nilimrudishia hela yake na barafu mbili za bure juu. Mpaka leo akinunua kwetu hulamba kwanza kona, ananitazama, ndipo anaondoka.