Nilivyojifunza Pikipiki na Kupata Leseni Nikiwa na Miaka 34

Kwa miaka sita nimekuwa nikipika mahamri na mbaazi nyumbani kwetu Kisauni, Mombasa, na kuwapelekea wateja wangu wa Kizingo na Ganjoni kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Muda wote huo nilitegemea bodaboda. Vijana walionibeba walikuwa waungwana, lakini aliyenizoea alipokosa kuja nilimpata mwingine ambaye hakujua kwamba mahamri yakibanwa yakiwa bado na moto hunywea na hayainuki tena. Mara ya tatu kapu lilipofika limepondeka, nilirudi nyumbani nikamwambia mama kwamba nitajifunza kuendesha mwenyewe.

Mama hakupinga. Aliuliza jambo moja tu: "Mwanangu, buibui na mnyororo wa pikipiki vitakaaje pamoja?" Aliyepinga alikuwa ami yangu, ambaye tangu baba afariki ndiye mkubwa wetu. Nilikwenda kwake baada ya sala ya alasiri, nikamshika mkono na kumweleza. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mimi sikukatazi. Nakuuliza tu, ukianguka pale darajani Nyali, magari yanakuja nyuma yako, utafanya nini?" Nikamjibu kwamba ndiyo sababu nataka kwenda shule ya udereva na kufanya mtihani, badala ya kufundishwa uchochoroni kwa siku mbili kama wafanyavyo wengi. Akaniombea dua, na sikumsikia akilitaja tena jambo hilo hadi nilipopata leseni.

Swali la mama lilikuwa la maana kuliko nilivyodhani. Nguo ndefu inayopepea huvutwa na mnyororo au na waya za gurudumu la nyuma, na ikishanaswa humwangusha mtu kabla hajajua kilichotokea. Tulishona suruali pana ya kitambaa kizito iliyobanwa kwa mpira vifundoni, na juu yake koti linaloishia magotini lenye mpasuo nyuma ili niweze kukaa vizuri. Mtandio niliuchagua wa pamba nyembamba, nikaufunga bila pini wala fundo, kwa sababu chochote kigumu chini ya helmeti huchoma kichwa na huiinua helmeti isikae inavyopaswa. Kwa hiyo dada yeyote anayekwenda kununua helmeti namshauri aijaribu akiwa amevaa mtandio ule ule atakaoutumia barabarani. Helmeti iliyonitosha kichwa kitupu haikuniingia na mtandio, na ile iliyofuata kwa ukubwa ndiyo niliyoinunua.

Jambo lililonichanganya mwanzoni ni madaraja ya leseni. Kundi la pikipiki huandikwa A, nalo limegawanywa mara tatu. A1 ni ya pikipiki ndogo kabisa na huruhusiwa kuanzia miaka 16. A2 ni ya pikipiki ya kawaida ya mtu binafsi, kuanzia miaka 18. Na A3 ni ya anayebeba abiria au vifurushi vya watu kwa malipo, pamoja na tuktuk, kuanzia miaka 21. Kwa kuwa ninabeba bidhaa zangu mwenyewe, niliomba A2. Maombi yote nilifanya kwa simu kupitia akaunti yangu ya eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, upande wa NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na malipo nikayafanya kwa M-Pesa. Kwanza hupewa leseni ya muda ya mwanagenzi, na bila hiyo hairuhusiwi kugusa barabara hata ukiwa na mwalimu. Pikipiki ya mafunzo nayo lazima iwe na kibao cha herufi L.

Mafunzo yenyewe yalianzia uwanjani. Nilitarajia kufundishwa kwenda, lakini mwalimu alinifundisha kwenda polepole, na siku nne nzima hatukutoka kwenye gia ya kwanza. Alipanga chupa za plastiki zilizojazwa mchanga, akanitaka nipite katikati yake kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuteremsha mguu. Ni kazi ngumu sana. Pikipiki ikiwa mbioni hujisimamisha yenyewe, lakini ikiwa taratibu ni mwendeshaji anayeisimamisha, kwa kuishikilia klachi, ule wenzo wa mkono wa kushoto, pale pale inapoanza kushika, kuongeza mafuta kidogo, na kukanyaga breki ya nyuma kwa wepesi ili mwendo usikimbie. Mkono wangu wa kushoto ulivimba. Usiku nilikuwa nikikanda unga wa mahamri kwa mkono mmoja, mama akinisaidia.

Kilichonitatiza zaidi ya klachi ni macho. Kila nilipoikaribia chupa niliitazama, na kila nilipoitazama niliigonga. Mwalimu akaniambia, "Dada, usiliangalie gurudumu, linajua lilipo. Angalia unakotaka kufika." Nilidhani ni maneno ya kunituliza, kumbe ndivyo mwili ulivyo: mabega hugeukia kile jicho linachokiangalia, na mikono hufuata mabega. Siku niliyoinua uso nikatazama mwembe uliokuwa mwisho wa uwanja, nilizipita chupa zote nane. Hadi leo nikiona shimo barabarani hulitambua mara moja, kisha hulihamisha jicho haraka kwenye lami iliyo salama kando yake.

Nilianguka mara moja. Tulikuwa tukirudi uwanjani kwa barabara ya kokoto yenye mchanga uliosambaa juu yake, mbuzi akakatiza, nami nikakamata breki ya mbele kwa nguvu zote. Breki hiyo ndiyo yenye nguvu zaidi, kwa sababu chombo kinaposimama uzito mwingi huenda mbele. Lakini juu ya mchanga gurudumu la mbele likifunga huteleza upande, na hapo hakuna wa kuliokoa. Nilichubuka kiwiko na goti. Mwalimu aliniinua, akahakikisha sijaumia zaidi, halafu akanirudisha mahali pale pale, tukafanya breki mara ishirini au zaidi, mbele na nyuma kwa pamoja, nikiibana ile ya mbele pole pole kama mtu anayekamua ndimu. Namshukuru sana kwa kutoniacha niende nyumbani na hofu ile.

Nadharia niliisoma usiku. Alama zenye pembe tatu na ukingo mwekundu huonya, za duara huamuru au hukataza, na ile ya pembe nane ina maana moja tu, kusimama kabisa hata kama hakuna gari. Nilisoma pia kwamba sheria ya Kenya inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la reflekta, na kwamba abiria ni mmoja tu. Nilipofika sehemu hiyo nilikumbuka asubuhi ngapi nilibebwa kichwa wazi na kapu mapajani, na kusema kweli niliogopa.

Mtihani wa kwanza nilishindwa, na nilishindwa mezani, si juu ya pikipiki. Mtahini huweka ubao wenye mji mdogo uliochorwa barabara zake, akakupa kigari cha kuchezea na kukuambia utoke hapa ufike pale. Nilitakiwa kuingia kwenye mzunguko na kutokea kulia. Nami nikakipitisha kigari changu njia ya kushoto hadi mwisho bila kutoa ishara yoyote, kwa kuwa ndivyo nilivyozoea kuona bodaboda zikipita kandokando. Ilinipasa kushika njia ya kulia mapema, kuwapisha walio tayari ndani ya mzunguko wanaotoka mkono wangu wa kulia, kuacha indiketa ya kulia ikiwaka ninapozunguka, kisha kuibadilisha kuwa ya kushoto ninapokaribia kutoka. Nililia nikiwa ndani ya matatu. Jioni hiyo nilichora mzunguko kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, na watoto wa jirani wakanisaidia kuzungusha visoda vya soda wakiwa ndio magari, hadi nikaweza kueleza kila njia bila kusita.

Mara ya pili nilifaulu mezani, na mtihani wa pikipiki ulichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani: kuwasha na kuondoka, kupita katikati ya vizuizi, kusimama pale mtahini alipoonyesha, kutoa ishara na kutazama nyuma kabla ya kupinda. Baada ya hapo nililipia leseni, nikapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole, na kadi ikaja baadaye. Niliichagua ya miaka mitatu.

Kadi ilipokuwa mkononi sikupeleka mahamri kesho yake. Pikipiki yenye kapu kubwa nyuma huwa chombo kingine kabisa, mbele huwa nyepesi na breki huhitaji nafasi ndefu zaidi. Nilijaza kapu mchanga hadi likawa na kilo kumi na tano, uzito wa mzigo wangu wa siku, nikalifunga kwa mipira minne, nikarudi uwanjani asubuhi mbili kuzipita zile chupa. Asubuhi ya tatu nilitoka saa kumi na mbili kasorobo. Ulikuwa msimu wa kusi, na katikati ya daraja la Nyali upepo ulinisukuma ubavuni. Nikalegeza mabega, nikapunguza mwendo, nikatazama mwisho wa daraja. Nilifika Kizingo saa kumi na mbili na dakika ishirini. Nilipofunua kapu, mahamri yalikuwa bado yamevimba.