Siku yangu msituni Kilwa: tepu, nyundo na mpingo namba 31

Saa 11 alfajiri. Nikishaswali nachukua begi langu: tepu, kopo la rangi, daftari la mavuno na muhogo wa kuchemsha. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, na kazi yangu ni kupima magogo. Leo tuna wageni, wanakamati wenzetu sita kutoka Ruangwa, wamekuja kuona mpingo unavyovunwa.

Saa 1 asubuhi. Tunaingia msituni, mbung'o wameshaamka. Njiani kuna kinyesi kibichi cha tembo, tunapunguza sauti. Wageni wanashangaa ufupi wa mpingo. Kweli, ni mti wa miiba, uliopindapinda, na asiyeujua huupita tu. Lakini mpaka ufae kuvunwa hupita miaka 70 hadi 100. Kwa hiyo kila mti tunaoukata tulikwishaupima ukiwa umesimama, kipenyo kisipungue sentimita 24, tukautia rangi na namba.

Saa 3. Mkataji anagonga shina kwa kisogo cha shoka na kutega sikio, asikie kama ndani kuna shimo. Akiridhika, anawasha msumeno. Mpingo unakula meno ya mnyororo, kila mara inabidi asimame anoe.

Namba 31 ulitudanganya. Uliitika vizuri, ukaanguka, na ndani mlikuwa na shimo la kupitisha mkono. Niliumia sana. Huu ulikuwepo kabla babu yangu hajaoa. Mama mmoja wa Ruangwa akauliza, "Mwanangu, sasa huu unakwenda wapi?"

"Hauendi popote, mama. Lakini unahesabiwa."

Saa 6 mchana. Ugali na dagaa, kivulini.

Saa 7. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Gogo la mita 2, kipenyo cha katikati sentimita 30: mita za ujazo 0.14. Ukiliona utasema dogo, kumbe linazidi kilo 150, na vijana wanne wanalinyanyua kwa shida. Mpingo mbichi ukiutupa majini unazama. Nasoma kipimo kwa sauti, mnunuzi anasoma tepu hiyo hiyo, mwenzangu anaandika. Kisha nyundo: alama kwenye gogo, na alama hiyo hiyo kwenye kisiki. Nikawaambia wageni wainame waiguse. Gogo likikamatwa barabarani halina alama, au likiwa nayo lakini kisiki chake hakionekani, mwizi kajulikana.

Zamani mnunuzi alipima mwenyewe, kijiji kikaambulia vumbi la lori. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ndiyo iliyotupa nguvu ya kutenga msitu wetu na kukusanya mapato yake. Mwaka 2009 Kikole na Kisangi, vijiji vya hapa hapa Kilwa, vikapata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, vya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji. Kwetu pesa za kwanza zilichimba kisima. Ila bado nina hofu na ufuta: bei ikipanda, watu hufyeka msitu ambao haujatengwa.

Saa 10 jioni. Hati ya kusafirishia imekaguliwa, lori linaondoka. Baadhi ya magogo yale yatakuwa klarineti, ala za muziki za kupuliza, Ulaya.

Saa 2 usiku. Naandika daftari safi kwa tochi. Namba 29, 30, kisha 31: umeangushwa, una shimo, haukuuzwa, upunguzwe kwenye idadi ya miti ya kukata mwaka huu.