Nilivyoupata umri wa kweli wa nyumba yetu ya mawe

Mie mtu wa Lamu, nyumba za mawe nimezaliwa ndani yake, lakini hii tunayokaa kusini ya Guelph huku Ontario, Kanada, ilinishika moyo toka siku ya kwanza. Mawe ya graniti, mengine mekundu mengine kijivu, na kati ya jiwe kubwa na jenzake wamepanga vijiwe vitatu, kimoja juu ya mwenzake, nadhifu kama vikombe vya kahawa. Jirani mmoja mzee ndo alonambia huo ujenzi wa Aberdeen, mji wa Uskoti, mafundi wa Kiskoti walikuja nao.

Sasa umri. Kila mtu ananiambia angalia hati ya kwanza ya ardhi, mwaka wa hati ndo mwaka wa nyumba. Wallahi ushauri ule umenipotezea miezi! Hati inakwambia ardhi ilipatikana lini, basi. Watu walifika miaka ya 1830 wakakuta msitu, wakakata miti wakajenga kibanda cha magogo, na wengi walikaa humo miaka na miaka kabla ya kugusa jiwe.

Nikaingia kwenye sensa za zamani, ziko bure mtandaoni, nikatafuta kwa jina la ukoo. Kosa kubwa. Waskoti wale kina John na Donald tele, majina yaleyale baba, mtoto, binamu, nikamfuata mtu siye wiki tatu nzima mpaka nikagundua mke wake jina lingine. Kilichonitoa ni namba ya loti, yaani kipande cha shamba, na ya konsesheni, yaani mstari wa mashamba. Ukiwa nayo nenda orodha ya ardhi upate nani alikuwa na loti mwaka gani, halafu ndo urudi kwenye sensa.

Na sensa zile wameandika nyumba imejengwa kwa nini! Ile ya 1851, ambayo ilihesabiwa Januari 1852, familia ile iko kwenye magogo. Ya 1861, mawe, ghorofa moja na nusu. Nilipiga kelele usiku mke wangu akaamka. Na inaingia akilini kabisa, maana hapo katikati kulikuwa na vita vya Crimea, Urusi ikipigana na Waingereza na wenzao, bei ya ngano ikapanda, wakulima wa huku wakashika pesa.

Kuna fundi alitaka kujaza nafasi za kati ya mawe kwa simenti. Nikamkatalia. Simenti inafungia maji ndani, baridi ikija yanaganda na jiwe linapasuka uso. Nilichokonoa udongo wa zamani wa kati ya mawe kwa ufunguo, nikausugua kiganjani, ukabaki na punje nyeupe laini za chokaa, zilezile za ukuta wa bibi yangu Lamu. Nikanunua chokaa, dola mia na kitu, nikajaza ukuta wa nyuma mwenyewe. Umepita majira ya baridi mawili na haujatoa hata ufa.